Kuchagua filta za tangi dogo la matumbawe: anza na siku umeme utakapokatika

Ukienda dukani kuuliza filta ya tangi la samaki la maji chumvi, swali la kwanza utakaloulizwa ni lita ngapi. Ni swali halali. Ila mimi ningeanza na lingine: kwako umeme hukatika mara ngapi, na ukishakatika hukaa saa ngapi? Naishi Dar es Salaam, tangi langu liko sebuleni, na karibu kila pesa niliyoipoteza kwenye filta niliipoteza usiku wa giza. Kifaa kilichofanya kazi vizuri mchana kutwa kiligeuka adui saa nane za usiku. Kwa hiyo kila kifaa nitakachokitaja hapa nimekipima pia kwa saa zile ambazo hakifanyi kazi.

Mfano nitakaoutumia ni tangi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, la matumbawe laini, samaki wawili watatu wadogo, konokono kadhaa na kamba mmoja wa kusafisha. Anayetaka matumbawe magumu yenye matawi atahitaji mwanga mkali na mkono mwepesi kuliko haya, na simshauri aanze nayo.

Hatua ya 1: Hesabu maji, usihesabu kioo

60 × 40 × 40 ni lita 96. Hizo ni lita za kwenye karatasi. Ukiacha nafasi ya sentimita tatu nne juu, ukaweka mchanga na mawe, maji yenyewe hubaki kama lita 75. Shika namba hiyo, kwa sababu ndiyo utakayoitumia kupima pampu, chumvi na hata dozi ya dawa.

Hatua ya 2: Jua unachotaka kukichuja

Uchafu unaouona, ule unaoelea, ndio mdogo. Samaki akinya na chakula kikioza hutoka amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Wote hao wanataka oksijeni na mahali pa kujishika. Kundi la tatu huishi ndani kabisa ya vitundu vya mawe, ambako oksijeni haifiki, nalo hugeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayopotelea hewani.

Mtu aliyezoea kufuga perege au samaki wa mapambo wa maji baridi atashangaa kwa nini huku makosa ni ghali zaidi. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.3, na kwenye pH hiyo sehemu ya amonia iliyo sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile ya maji yenye pH 7. Tena maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 28 hubeba takriban miligramu 6.4 kwa lita, wakati maji ya mto ya joto hilohilo hubeba kama 7.8. Maji yakitulia, akiba hiyo ndogo huliwa haraka.

Basi kila unapooneshwa kifaa jiulize: kinawapa bakteria makazi, au kinautoa uchafu kabla haujaoza? Kama hakifanyi hata moja, ni pambo.

Hatua ya 3: Nunua mawe kabla ya mashine

Filta kubwa kuliko zote katika tangi la matumbawe ni mawe yenyewe. Si wazo jipya. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, mtu wa nchi ya joto kama sisi, aliandika katika jarida la Marekani jinsi alivyofuga viumbe wa mwambani kwa mawe kutoka baharini, mwanga wa jua na mapovu machache ya hewa. Baadaye wafugaji wa Berlin wakachukua mawe hayo, wakaongeza skima (mashine inayotoa uchafu kwa mapovu) na mwendo mkali wa maji, na hiyo ndiyo njia ambayo wengi duniani wanaifuata mpaka leo.

Kwa lita 75 tafuta kilo 7 hadi 9 za mawe mepesi yenye vitundu vingi. Jiwe zito lililoshikamana kama tofali lina uso wa nje tu. Ndani hamna nyumba ya mtu.

Usiende kuvunja mwamba. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, na ndani ya hifadhi za bahari kama ile ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995 haiokotwi hata kokoto. Wala huhitaji. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa kale wa tumbawe. Ni jiwe lilelile lililojenga Mji Mkongwe. Ukipata vipande vyepesi, vyenye matundu, kutoka machimbo ya nchi kavu, vitafaa. Vipime kwa siki: likitoa povu ni chokaa, ndiyo unayoitaka. Usichukue kifusi cha nyumba, kina saruji na rangi. Loweka mawe wiki tatu au nne ukibadilisha maji, kisha pima fosfati kwenye maji ya mwisho. Ikiwa bado ipo, endelea kuloweka. Jiwe lenye mabaki ya viumbe vilivyokufa litaulisha mwani kwa miezi sita.

Umeme ukikatika mawe hayajali sana, ilimradi maji yanayoyazunguka hayajaishiwa hewa. Yapange kwa kuyaegemeza, yaache mapango. Ukuta uliojazwa mpaka kioo cha nyuma hukusanya uchafu usiofikika.

Hatua ya 4: Pampu ya mawimbi

Mawe bila mwendo wa maji ni mapambo. Kwa matumbawe laini, maji yote yazunguke mara 10 hadi 20 kwa saa. Kwa mchanganyiko wenye matumbawe magumu ya kawaida, mara 20 hadi 30. Kwa tangi letu hiyo ni kuanzia lita 750 hadi 2,250 kwa saa. Ningechukua pampu moja ya lita 1,500 hivi, ya aina inayorusha mkondo mpana. Ile ya mkondo mwembamba kama bomba la bustani itachuna nyama ya tumbawe upande mmoja na kuacha maji mafu upande wa pili. Ielekeze juu kidogo, uso wa maji utikisike. Hapo ndipo hewa inapoingia.

Lipa zaidi upate pampu ya volti 12 au 24 yenye adapta yake. Sababu si kimya chake wala kirimoti. Sababu ni kwamba ile ya volti 12 inaweza kuendeshwa moja kwa moja na betri bila inveta. Na kama ndugu yako anakutumia vifaa kutoka Marekani, mwambie aangalie maandishi: pampu za kule ni za volti 120 na hezi 60. Transfoma itarekebisha volti, hezi haitazibadilisha.

Hatua ya 5: Sampu, filta ya kuning'inia au filta ya kopo?

Hapa ndipo watu hubishana. Nitasema ninachokiamini.

Filta ya kopo, ile iliyofungwa kabisa na kukaa kabatini, ni nzuri kwa maji baridi. Kwenye tangi la matumbawe mahali penye umeme wa kubahatisha, mimi siitaki. Ndani mna sponji zilizojaa bakteria katika maji yasiyoguswa na hewa. Pampu ikisimama, bakteria humaliza oksijeni, wanaanza kufa, na kopo huwa chungu cha uvundo. Umeme ukirudi, chungu hicho humwagwa tangini. Nilishaamka asubuhi nikakuta sebule inanuka yai bovu na samaki wawili wamelala kwa ubavu. Kama tayari unayo, kanuni yake ni hii: ikizimika zaidi ya saa mbili, ichomoe, na usiiwashe mpaka umefungua na kusuuza sponji kwa maji ya chumvi.

Filta ya kuning'inia nyuma ya kioo ni rahisi, iko wazi, inapata hewa, na kwa tangi la chini ya lita 60 inatosha kabisa. Itumie kama kapu la pamba na kaboni. Kazi ya bakteria waachie mawe. Kasoro yake: nyingine umeme ukirudi hazivuti tena maji zenyewe, mota inazunguka kavu mpaka iungue. Kabla ya kununua, omba muuzaji aijaze, aizime, asubiri dakika kumi, aiwashe. Akikataa, ondoka.

Sampu ndiyo chaguo langu: tangi la pili, chini kabatini, maji yanashuka kwa bomba na kurudishwa na pampu. Inaongeza maji, inaficha skima, na uchafu wa juu ya maji unafyonzwa wenyewe. Fundi yeyote wa vioo atakutengenezea ya sentimita 45 kwa 30 kwa 30 kwa kioo cha milimita 6. Msisitizie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na iachwe ikauke wiki nzima. Vigawanyo vitatu vinatosha: maji yanaposhukia, chumba cha skima, chumba cha pampu ya kurudisha.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Pampu ikisimama, maji ya juu hurudi chini kupitia bomba lilelile la kupandishia mpaka mdomo wake uvute hewa. Tangi letu lina uso wa 60 × 40, maana yake kila sentimita moja ya kina ni lita 2.4. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 2 chini ya maji, zitashuka lita 4.8. Ukiwa sentimita 10 chini, zitashuka lita 24, na hizo zitaishia kwenye zulia. Toboa kitundu kwenye bomba sentimita moja chini ya uso wa maji ili livute hewa mapema, na kila wiki kisafishe kwa kijiti cha meno, maana chumvi na mwani hukiziba. Usitegemee vali ya kuzuia maji kurudi; konokono mmoja tu akikaa mlangoni, haifungi. Kisha fanya jaribio lenyewe: jaza, washa, chomoa waya, kaa utazame sampu inavyojaa. Alama ya maji ya kawaida iweke chini ya hapo.

Pampu ya kurudisha isikubabaishe kwa namba ya kwenye boksi. Lita 1,000 kwa saa ni pale inaposukuma bila kupanda popote. Ikiwa uwezo wake wa juu ni mita 1.5 na wewe unapandisha mita 1, utapata kama theluthi ya namba hiyo. Kwa sampu yetu lita 350 hadi 400 zinazofika juu kweli zinatosha.

Hatua ya 6: Skima

Skima hutumia tabia ya mafuta na protini kupenda kukaa mpakani mwa hewa na maji. Inapuliza mapovu madogo sana, uchafu unayashika, yanapanda na kumwagika kwenye kikombe kama chai nzito yenye harufu ya bandari. Kwenye maji baridi haifanyi kazi, kwa sababu mapovu hayawi madogo vya kutosha wala hayadumu. Uzuri wake ni kwamba hutoa uchafu kabla haujawa amonia, na huku inatia hewa.

Unaihitaji? Kwa tangi la lita 40 lenye samaki mmoja, hapana. Ndoo ya kubadilisha maji itafanya kazi hiyo kwa bei rahisi. Kwa lita 75 zenye samaki watatu, inakupa nafasi ya kukosea, na anayeanza hukosea kwenye chakula. Ukinunua, namba za watengenezaji zisome kwa nusu: iliyoandikwa inafaa lita 200 ichukulie ni ya lita 100. Angalia kama kikombe kinatoka bila kuhamisha mashine nzima, kwani utakisafisha kila baada ya siku mbili tatu. Wiki ya kwanza haitatoa kitu cha maana. Usiichezechezee.

Iweke ndani ya sampu, usiitundike nje ya kioo. Umeme ukirudi skima nyingi hufura na kumwaga. Bora zimwagie sampuni kuliko ukutani. Na kuna jambo hawaliandiki kwenye karatasi ya maelekezo: skima na pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumbani, pamoja na dawa ya mbu. Dawa hizo za kupuliza nyingi ni za jamii ya pairethroidi, ambazo ni sumu kali kwa kamba, kaa na samaki. Nilipuliza mwenyewe jioni moja, sebuleni, mlango umefungwa. Asubuhi kamba wote walikuwa wamekufa. Tangu siku hiyo chumba chenye tangi kinatumia neti na wavu wa dirishani tu.

Hatua ya 7: Vitu vidogo vya ndani ya kapu

Pamba: hii nyeupe ya nyuzi za plastiki inayojazwa kwenye mito inafaa, ilimradi haina manukato wala dawa ya kuzuia moto. Itupe kila baada ya siku tatu. Ukiiacha wiki mbili inakuwa kiwanda cha nitrati.

Kaboni huondoa umanjano wa maji, harufu, na sumu ambazo matumbawe laini hurushiana yanapogombea nafasi. Vijiko vinne vya mezani kwenye kifuko, ubadilishe kila mwezi. Usitumie mkaa wa jikoni uliosagwa. Chembe za oksidi ya chuma za kunyonya fosfati nunua pale tu kipimo kinapokuambia, siyo kabla. Taa ya UV sahau.

Mtumba: uliza kama kifaa kiliwahi kutumika na dawa yenye shaba. Shaba huwaua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi kidogo mno, na silikoni na sponji huishika kisha kuiachia taratibu. Kwa sababu hiyohiyo, viungio vyote viwe vya plastiki. Kiungio cha shaba nyeupe usikitie hata kimoja.

Hatua ya 8: Filta ya maji kabla hayajaingia

Ukinunua kila kitu hapo juu kisha ukajaza maji ya bomba au ya kisima, umeharibu. Klorini, fosfati na nitrati vitaingia kila siku unapofidia maji yanayokauka. Unahitaji maji ya RO (yaliyosukumwa kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi) yaliyopitishwa pia kwenye resini, chembe za kunasa madini yaliyobaki, yasomeke 0 kwenye kipima TDS, yaani kipima vitu vilivyoyeyuka majini. Kipima hicho ni bei ya chakula cha mchana. Nenda nacho kwa muuza maji ya RO wa mtaani kwako. Nimekuta kuanzia 8 hadi 140 katika mitaa miwili inayopakana. Chini ya 10 anza nayo, ukipitisha kwenye chupa ndogo ya resini.

Sisi wa pwani tuna njia nyingine, bahari yenyewe. Nenda siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, upande usio na mto, bandari wala bomba la taka. Masika usiende, mvua hushusha chumvi na kuleta kila kilichokuwa mtaroni. Chuja kwa kitambaa kizito, funika madumu gizani wiki mbili, kisha pima kwa refraktomita, kifaa cha kupima chumvi, kama yamefika 35 kwa elfu. Kwa maji ya kuchanganya mwenyewe, lita 10 hula kama gramu 360 za chumvi maalumu ya matangi. Chumvi ya kupikia haifai.

Usitarajie muujiza katika kubadilisha maji. Nitrati ikiwa 20 ukabadilisha lita 10 kati ya 75, itashuka mpaka 17 tu. Nguvu yake iko katika kurudia kila wiki.

Hatua ya 9: Umeme na joto

Jumlisha wati. Pampu ya mawimbi 5, ya kurudisha 15, skima 8: jumla 28. Kwa saa 24 ni kama yuniti 0.67, sawa na yuniti 20 kwa mwezi, bila taa. Hita acha dukani, isipokuwa uko Arusha, Iringa au Limuru. Sisi wa chini shida yetu ni kinyume. Matumbawe hupauka joto likizidi na kukaa, kama miamba ya Afrika Mashariki ilivyoonesha mwaka 1998. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Feni ndogo inayopuliza uso wa maji hushusha nyuzi mbili hadi tatu, lakini pia hukausha lita moja au zaidi kwa siku. Zikikauka lita 3 bila kufidiwa, chumvi inapanda kutoka 35 hadi 36.5. Fidia kwa maji ya RO matupu, kila siku, usiongeze chumvi.

Kwa giza, betri ya volti 12 ya Ah 7 ina wati-saa 84. Ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inaendesha pampu ya wati 5 kwa takriban saa 8. Hicho ndicho kifaa ninachokiweka mbele ya skima katika bajeti. Skima na sampu vinaweza kusimama usiku kucha. Mwendo wa maji juu ya mawe usisimame. Nyaya zote zipinde chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondokee sakafuni badala ya kuingia ndani, na soketi iwe na swichi ya kukata umeme ukivuja.

Hatua ya 10: Washa kila kitu, usiweke samaki

Tia amonia ya dukani isiyo na sabuni, au kipande cha kamba mbichi, mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha pima kila baada ya siku mbili. Amonia itashuka, nitriti itapanda na kushuka, nitrati itabaki. Huchukua wiki nne hadi sita, na hata kwenye joto letu usitegemee itaisha mapema. Tumia muda huo kuchomoa umeme makusudi, saa mbili, kisha saa nne, kisha usiku mzima, utazame nini kinafurika, nini kinanuka na nini kinagoma kuwaka tena. Kirekebishe hicho. Siku amonia ya 2 itakapogeuka 0 ndani ya saa 24, na nitriti ikawa 0 vilevile, badilisha nusu ya maji, tia konokono watatu, na subiri wiki mbili nyingine kabla ya samaki wa kwanza.